Gari nyeupe imepauka na kugeuka njano, mashine ya polishi itaiokoa au ndio basi tena?

KibirikiCheupe

Wakuu habari za saa hizi. Nina kagari kangu, sedani nyeupe ya mwaka 1997, nimekanunua mkononi kwa mtu ambaye naona alikuwa anakalaza juani miaka yote. Injini haina neno, inawaka mara moja tu, ila rangi ndio inanitia aibu. Boneti na paa vimepauka kabisa, ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe kama umegusa ukuta wa chokaa, na milango ina umanjano fulani hivi, sio njano ya kupakwa, ni ile ya meno ya mvuta sigara. Halafu bampa ya mbele ndio njano kuliko bodi yote, ukiiona kwa mbali utadhani imeng'olewa kwenye gari nyingine ikafungwa kwangu.

Nimeiosha nikaipaka waksi, ikang'aa siku mbili tatu, mvua ilivyopiga ikarudi kule kule. Sasa kuna rafiki yangu ana mashine ya polishi kakubali kuniazima, ila yeye mwenyewe hajawahi kuitumia, iko kwenye boksi. Na jirani ananiambia nisijisumbue, nichukue dawa ya meno na mafuta ya taa nisugue. Naomba kujua hii rangi inarudi kweli au naota? Naanzia wapi? Na ni kweli mashine inaweza kula rangi mpaka bati? Maana naogopa nisije nikatoka kwenye kupauka nikaingia kwenye mabaka. Picha nitaweka baadae, simu inagoma kupandisha.

MsasaWaMaji

Mkuu usiwashe mashine bado. Kwanza ujue hiyo rangi ni ya aina gani, maana gari za miaka hiyo, hasa nyeupe, nyingi zilitoka kiwandani hazina klia, yaani rangi na mng'ao vyote viko kwenye tabaka moja. Zenye klia zina rangi chini halafu juu yake kuna tabaka linaloonyesha kama kioo, hilo ndilo linalong'aa na hilo ndilo unalolipiga polishi. Sasa hizi mbili hazifi kifo kimoja. Isiyo na klia inapauka na kutoa unga kama huo unaousema, lakini mara nyingi ukiitoa ile ngozi iliyokufa juu, chini unakuta rangi bado mzima kabisa. Yenye klia ikichoka inaanza ukungu, baadae inabanduka vipande vipande kama mgongo wa mtu aliyeungua jua, na ikishafika huko hakuna polishi ya kuirudisha, utapolishi pembeni ya kidonda tu na kidonda kinaendelea kutanuka.

Kupima ni rahisi. Chukua kitambaa CHEUSI, kilowanishe kidogo na maji matupu, sugua kipande cha boneti kwa nguvu. Nasema maji matupu kwa sababu polishi nyingi zenyewe ni nyeupe, utapaka dawa nyeupe kwenye gari nyeupe halafu utuletee habari kwamba rangi imetoka kumbe ni dawa yako mwenyewe. Kitambaa kikigeuka cheupe hiyo haina klia. Pima boneti, paa, kila mlango na bampa, usidhani gari nzima ni moja, gari ya umri huo ishapita kwa mafundi wangapi hatujui.

Zima_Moto

Mie niko na jirani yako hahaha. Dawa ya meno nilisugulia taa zangu zilizokuwa njano zikawa kama mpya, na mafuta ya taa yanatoa uchafu ambao sabuni haitoi. Mnapenda kumtisha mtu na mamashine.

FundiJioni

@Zima_Moto hizo taa zilikaa kama mpya kwa muda gani? Sema ukweli wako hapa.

Mwenye uzi, alichosema MsasaWaMaji kishike, mimi naongezea hapo hapo. Swali la kujiuliza ni hiyo njano IKO WAPI. Inaweza kuwa imekaa juu ya rangi tu, waksi kuukuu ya miaka, utomvu wa miti, moshi, chembe za chuma. Inaweza kuwa ni ngozi ya juu ya rangi yenyewe iliyochomwa na jua. Au inaweza kuwa ni klia nzima imegeuka njano kutoka juu mpaka chini. Ya kwanza inatoka kwa kuosha tu bila mashine, ya pili ndio kazi ya polishi, ya tatu hata upolishi mpaka mkono ukatike utakuwa unapunguza unene wa njano tu. Watu wengi wanabeba mashine kwenda kutibu ya kwanza, wanakata rangi nzima nzima bure kwa sababu ya uchafu uliokuwa unatoka kwa dawa na maji.

Kwa hiyo osha kwanza, na osha kisawasawa, shampuu kali inayong'oa waksi ya zamani, sio ile ya wiki kwa wiki. Ikishakauka angalia kwa karibu kama kuna vidoti vya kahawia vidogo vidogo, hasa milango ya chini na nyuma ya matairi. Watu wanadhani bati limeanza kutu, kumbe ni chembe za chuma kutoka kwenye breki zimejichimbia kwenye rangi halafu zenyewe ndio zinapata kutu. Kwa hizo kuna dawa yake ya kupuliza, ikikutana na chuma inageuka zambarau na kutiririka, gari nyeupe inaonekana kama imechinjwa, usishtuke. Harufu yake ni ya yai viza na inakaa puani mpaka jioni. Iache dakika chache, isikaukie juu, suuza na maji mengi. Kivulini jamani, kila kitu kwenye kazi hii ni kivulini na bodi ikiwa ya baridi.

Baada ya hapo klei, ule udongo laini kama wa watoto kuchezea. Ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa plastiki upitishe juu ya boneti, utasikia vichembe kama mchanga ambavyo kidole kitupu hakivisikii, hivyo ndio klei inaving'oa. Lowanisha na maji ya shampuu, telezesha taratibu bila kukandamiza, ikichafuka ikunje upate upande safi. Ikianguka chini itupe, usijifanye unaiosha, mchanga mmoja ulioganda humo utachora gari nzima.

Sasa mashine. Angalia ni ya aina gani hiyo ya rafiki yako. Kuna rotari, hiyo inazunguka duara moja palepale kama grainda, na kuna ile ya DA ambayo inazunguka huku inayumba. Kama ni DA una bahati, maana ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka inabaki kutetemeka tu, inakuonea huruma. Chora mstari na maka pen kwenye sahani ya nyuma inayoshika pedi, ukiona mstari hauzunguki ujue umekandamiza mno au umeilaza upande. Kama ni rotari sema kwanza kabla hatujaendelea.

Anza na kipande kimoja tu cha majaribio, sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti, zungushia tepu ya karatasi ile ya wapiga rangi. Pedi ya sponji laini na polishi nyepesi kwanza. Wengi wanakimbilia kompaundi kali, yaani ile polishi yenye chenga za kukata zaidi, sasa ukianza na kali huwezi kurudisha ulichokula, ukianza na nyepesi ikashindwa unapanda ngazi moja, hujapoteza kitu. Mara ya kwanza ipake pedi dawa kote uso wake, baada ya hapo matone manne ukubwa wa njegere yanatosha kipande kizima. Gusisha pedi kwenye bati KABLA ya kuwasha, tandaza kwa spidi ya chini, ndio upandishe, ukiwasha hewani dawa yote inahamia usoni kwako na kwenye ukuta wa jirani. Sogea polepole, sentimita mbili tatu kwa sekunde, kila mstari upande nusu ya mstari uliopita, ukimaliza kwa ulalo unarudi kwa wima. Mara nne hivi, simama, futa, angalia.

Na hapa kwenye kuangalia ndipo watu wanajidanganya. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, ukifuta kawaida utaona kioo, wiki moja baadae mikwaruzo inakurudia yote. Futa na alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, ndio upige tochi kwa ubavu, sio kwa juu. Kinachobaki hapo ndio kweli.

Gari isiyo na klia ina tabu moja, pedi inajaa rangi haraka balaa. Kila kipande kimoja piga pedi brashi, na uwe na pedi tano sita usitegemee moja. Pedi iliyojaa haikati, inapaka matope.

Kuhusu kula mpaka bati, ndiyo inawezekana, ila sio kwa siku moja na sponji. Klia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 mpaka 50 hivi, rangi yote pamoja na praima, ile rangi ya kwanza inayokaa juu ya bati, mikroni 100 na kitu. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, kwa hiyo klia yako ni nyembamba kuliko unywele. Polishi nyepesi inatoa mikroni moja au mbili, kompaundi kali zaidi ya hapo, msasa ndio usiseme. Ukipata mtu mwenye kipimo cha unene pima kila paneli, ila ujue vile vipimo vya kawaida vinasoma juu ya bati, kwenye bampa ya plastiki havitakwambia kitu.

Mbiombio

Maelezo meeeengi utadhani anaenda kumfanyia mtu upasuaji. Rotari, pedi ya manyoya ya kondoo, kompaundi, boneti dakika kumi kwisha habari. Mimi napiga gari tatu kwa siku hivyo hivyo na hakuna aliyerudi kulalamika. Hizo DA ni za watu wa kupiga picha.

Kona_Kali

@Mbiombio hawakurudi kulalamika kwa sababu ukiwapa gari jioni inawaka, hologramu, ile michirizi inayoachwa na rotari, wanaziona kesho yake saa sita mchana juani.

Mwenye uzi nisikilize mimi niliyeharibu. Gari yangu ya kwanza, kijani iliyoiva, nilipewa rotari na mtu anayejua kazi, akanielekeza vizuri tu, akaondoka. Nikapiga boneti ikatoka safi, kichwa kikavimba, nikahamia mlango wa dereva. Sasa mlango ule una ule mkunjo mmoja wa bodi unaopita katikati kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Nikaona juu ya mkunjo kuna kamstari hakajatoka, nikasema ngoja nikaze kidogo hapa. Sekunde ngapi sijui, tano, sita. Nikasikia harufu, sio ya moshi, ni kama plastiki imewekwa karibu na jiko. Nikanyanyua mashine. Kijani imeisha, kuna mstari wa kijivu, mrefu kama kalamu, praima inaniangalia. Nikaifuta na kitambaa kama mjinga nikidhani ni dawa imekaukia. Nikafuta tena. Mpaka leo nikifungua ule mlango mkono wangu unapita palepale.

Kwenye kona na mikunjo rangi inakuwa nyembamba toka kiwandani, na pedi nayo badala ya kulala eneo zima inabeba uzito wote kwenye kamstari kamoja. Bandika tepu kwenye kila mkunjo, kila ukingo wa mlango, boneti na buti. Ukimaliza katikati ndio utoe tepu upitishe kwa mkono, mkono tu, mara mbili tatu. Na plastiki zote nyeusi na mipira ya vioo bandika pia, kompaundi ikikaukia kwenye plastiki yenye vinyweleo utaitoa kwa mswaki mwezi mzima, hapo ndipo dawa ya meno ya jirani haitakusaidia ila mswaki wake utakusaidia.

Waya wa mashine upitishe begani, usiburuzike kwenye bodi. Miwani na barakoa vaa, ule unga wa rangi ya zamani sio wa kuvuta.

KibirikiCheupe

Aisee asanteni sana, sikutegemea. Nimeangalia mashine ni DA, imeandikwa milimita 15 sijui ndio nini.

Majibu ya kitambaa cheusi. Boneti, paa, buti na milango yote minne kitambaa kimetoka cheupe pee, kama nimefutia ubao wa shule. Fenda ya kushoto HAKUNA kitu, kitambaa kimebaki cheusi. Bampa ya mbele hakuna kitu. Bampa ya nyuma imetoa kidogo. Maana yake nini?

MsasaWaMaji

Maana yake huenda gari yako iligonga na ubavu wa kushoto mbele, aliyekuuzia hakukwambia. Fenda na bampa vilipigwa rangi upya na fundi akaweka klia juu, kilichobaki ni rangi ya kiwandani isiyo na klia.

Milimita 15 ni upana wa ule mzunguko wa kuyumba, inafanya kazi haraka kwenye eneo kubwa kama boneti na paa, nzuri sana kwako.

Fanya kitu kimoja zaidi. Fungua kibati cha namba kwenye bampa ya mbele, angalia chini yake.

Nyota_ya_Mchana

Samahanini naingilia, mimi yangu ni nyeusi metaliki, paa lina mabaka meupe na naweza kuyabandua kwa kucha. Nayo nifanye hivi hivi?

MsasaWaMaji

Dada hapana. Acha kubandua kwanza. Metaliki ya hizi gari zetu za kisasa ina klia juu, na unachobandua ndio klia yenyewe. Hilo paa ni la kupigwa msasa na kupakwa upya, mashine ya polishi utaitumia kwa milango.

KibirikiCheupe

Nimefungua kibati. Jamani. Chini yake kuna pembe nne nyeupe kabisa, nyeupe ya hospitali, mstari umekatwa kama kwa rula. Sasa naona hiyo bampa ilivyo njano kwelikweli, kabla ya hapo nilikuwa nimeizoea.

FundiJioni

Basi jibu unalo. Fundi aliiacha nyeupe, jua ndilo limeigeuza, na kwa sababu kitambaa hakikutoa kitu hiyo njano iko ndani ya klia. Kuna klia zinastahimili jua na kuna nyingine zinageuka njano baada ya miaka, kwenye gari nyekundu au ya bluu hugundui haraka, kwenye nyeupe inakuumbua. Piga polishi itapungua, ila usiifukuze mpaka mwisho, maana mwisho wa njano ndio mwisho wa klia. Ikibaki njano uiache.

Halafu angalia joto kwenye hiyo bampa. Bati linasambaza moto, plastiki inaukalia palepale na rangi inalainika. Kila mara weka kiganja, ukishindwa kukiacha hapo pumzisha.

MsasaWaMaji

Na kwa boneti na paa, kwa kuwa ni rangi kavu isiyo na klia, jaribu hii kabla ya mashine. Tafuta ile polishi ya mafuta matupu ambayo haina chengachenga za kukata ndani yake, ipake nene kwa mkono, iache usiku kucha, asubuhi futa. Hizi rangi kavu zinainywa. Haitatoa unga uliokufa lakini rangi inapata ulaini, ukija na mashine inakatika vizuri badala ya kukwanguka. Sio uchawi, kuna paneli utaona tofauti na kuna nyingine hutaona.

KibirikiCheupe

Nimerudi wakuu, imenichukua wikiendi mbili. Naandika huku mabega hayanyanyuki.

Kuosha na ile dawa ya chuma peke yake ilishatoa robo ya njano kwenye milango, sikuamini, nilikuwa nadhani ni rangi kumbe nilikuwa natembea na uchafu wa mwenye gari wa kwanza. Ile zambarau ikaanza kuteremka toka chini ya vishikio vya milango, mke wangu akatoka nje akauliza nimeua nini. Klei ya boneti ilitoka nyeupe kama siagi, niliikunja mara sijui ngapi mpaka nikaitupa nikachukua nyingine.

Kipande cha majaribio nilianza na sponji laini na polishi nyepesi kama mlivyosema, ikang'aa ila bado ina ukungu. Nikapanda ngazi moja, sponji ngumu na kompaundi ya kati, mara nne ulalo na wima, nikafuta, nikapiga alkoholi. Nikatoa tepu. Wakuu ule mstari wa tepu! Upande mmoja kama sahani imeoshwa, upande wa pili kama gazeti la mwaka juzi. Nikakaa chini kabisa nikawa naangalia tu, majirani wakaja, mmoja akaweka uso wake karibu akajiona meno.

Pedi kweli zinajaa, nilikuwa nazo nne, zilinitesa, kila kipande napiga brashi na unga mweupe unaruka, suruali yangu nyeusi ikawa ya mwashi. Kuna sehemu kwenye paa nilichoka nikaacha kupiga brashi vipande viwili, pakatoka michirizi ikabidi nirudie, kwa hiyo nilichookoa kwenye uvivu nimekilipa mara mbili. Mikunjo yote nilibandika tepu @Kona_Kali, na mlango wa dereva nilivyofika kwenye mkunjo nilikukumbuka nikapunguza spidi hata kama kulikuwa na tepu.

Paa limerudi labda nusu na kidogo. Kuna sehemu katikati naona kijivu kwa mbali, naogopa ni praima, nimeacha hapohapo sijagusa tena. Boneti, buti na milango nyeupe safi. Fenda ya kushoto imeng'aa kuliko zote lakini ni nyeupe ya kupishana kidogo na mlango, sasa hivi ndio inaonekana, zamani uchafu ulikuwa unaficha.

Bampa imepungua, imetoka njano ya meno ya mvuta sigara ikawa njano ya meno ya mtu wa kawaida. Nilipitisha mara mbili nikasimama. Nimerudisha kibati cha namba nikafunika ile nyeupe yangu nisiwe naiona.

Kona_Kali

Umefanya vizuri kuacha hilo paa. Hiyo kijivu ndio praima, angekuwa mimi wa zamani ningeenda kuhakikisha.

FundiJioni

Kazi safi. Sasa usiiache uchi, rangi isiyo na klia uliyoivua ngozi ya juu jua litaanza upya kuanzia leo. Kwa alkoholi uliyopiga bodi ni safi, paka silanti, ile dawa ya kuifunika na kuilinda rangi, hiyo itakusogeza miezi kadhaa, waksi ya kawaida inang'aa vizuri ila inaondoka mapema, uliiona mwenyewe kwenye mvua. Seramiki, ile dawa ya kulinda rangi inayoganda ngumu juu yake, inakaa zaidi ila kwa gari yenye paa la namna hiyo mimi nisingehangaika, maana ukija kulipaka rangi paa itabidi uikwangue yote. Paka silanti, rudia ukiona maji yameacha kukusanyika matone na yanatandaa tu.

Na usiioshe na sabuni ya vyombo, inang'oa ulichopaka.

Mbiombio

Wikiendi mbili. Haya. Ila boneti imetoka, siwezi kusema haijatoka.

KibirikiCheupe

@Mbiombio asante mzee, nimeipokea hivyo hivyo.

Silanti nitapaka kesho asubuhi kabla jua halijawaka. Swali la mwisho, bodi imekuwa nyeupe sasa taa za mbele ndio zinaonekana kama zina manjano ya ini. Hii mashine nitairudisha wiki ijayo, naweza kuzipitishia kabla sijairudisha?

Zima_Moto

Sawa nakiri, zangu zilikaa miezi miwili zikarudi njano kuliko mwanzo.

FundiJioni

Hahaha nilijua. Zile taa ni plastiki ya polikaboneti, kiwandani zinapakwa tabaka la kuzuia jua, njano unayoiona ni hilo tabaka limekufa. Dawa ya meno ilisugua kidogo kilichobaki, plastiki ikabaki haina ulinzi, jua likapita moja kwa moja.

@KibirikiCheupe unaweza. Zungushia tepu mbili tatu kwenye rangi pembeni ya taa, piga msasa wa maji namba 1000, mwanzoni maji yatatoka ya njano, endelea mpaka yatoke meupe. Halafu 2000, halafu 3000, kila namba ubadilishe mwelekeo ili ujue mikwaruzo ya namba iliyopita imekwisha. Taa itakuwa ukungu mtupu, utadhani umeiua. Ndio unaleta mashine, sponji ndogo na kompaundi, spidi ya kati, inafunguka mbele ya macho yako. Ukimaliza futa na alkoholi na siku hiyo hiyo upake klia ya taa inayozuia miale ya jua. Kama hiyo klia huna bado, usianze na msasa, rudisha mashine ya watu kwanza.

KibirikiCheupe

Klia ya taa sina. Ngoja nimpigie rafiki yangu aniongezee wiki moja.